Nilivyobeba mimba ya miezi kumi na mmoja kule Upare, na jibu langu kwa binti anayeogopa ultrasound

Wakuu, hodi humu.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi, ila kuandika ndiyo mara ya kwanza. Nina miaka sabini na kitu, kwa hiyo wengi wenu mlipaswa kunipa shikamoo. Kwa kuwa humu hatuonani, nawapa marahaba yote kwa pamoja, tuendelee.

Ninachoandika ni kweli mwanzo mwisho. Sijaongeza chumvi, na hata kwenye chakula daktari kanikataza.

Kilichonitoa mafichoni ni uzi wa wiki iliyopita. Kuna binti aliuliza kama ultrasound ya tumbo la chini inauma, maana ana maumivu ya nyonga miezi sita sasa na anaogopa kwenda kupima. Nikasoma majibu yenu. Mmoja kamwambia anywe mlonge. Mwingine kamwambia ni jini mahaba. Mwingine kamwomba namba ya simu.

Nikasema hapana, huyu ngoja nimjibu mimi.

Mwezi uliopita nilipima ultrasound hapa Same. Nilikuwa na maumivu chini ya kitovu, upande wa kulia, wiki saba. Nilikuwa nimeyaficha. Binti yangu aligundua kwa sababu kila nikiinuka nilikuwa nashika meza.

Jibu fupi: haiumi. Kinachouma ni maji. Unaambiwa unywe lita nzima na usiende chooni mpaka uitwe, ili kibofu kijae waone vizuri. Kwa umri wangu hiyo ni kazi ya kitaifa. Nilikaa kwenye benchi nimebana miguu, nikimwangalia kila aliyeitwa kabla yangu kwa chuki kidogo.

Ndani unalala chali, unapandisha gauni, unapakwa jeli ya baridi, halafu mtaalamu anakupitishia tumboni kidude kinachofanana na mashine ya kunyolea. Yeye anaangalia kwenye skrini. Basi, ndiyo hivyo tu.

Mtaalamu alikuwa msichana mpole, angeweza kuwa mjukuu wangu. Alipitisha kulia, akapitisha kushoto, akarudi kulia, akarudi kushoto. Akakunja uso.

"Bibi, ovari ya kushoto siioni."

"Usiisumbukie," nikamwambia. "Iliondoka kabla mama yako hajazaliwa."

Akakiacha kidude palepale tumboni, akaniuliza ilikuwaje. Nikaanza kumweleza, lakini nje kulikuwa na wengine wamebana miguu. Kwa hiyo nawaeleza ninyi.

Turudi nyuma sasa.

Ilikuwa enzi za ujamaa, vijiji ndiyo vinaanzishwa. Nilikuwa nimeolewa milimani, Upare ya kusini. Wenzetu wa tambarare walihamishwa kwa malori. Sisi hatukuhamishwa, nadhani aliyetumwa kutuhamisha aliangalia ule mlima akarudi. Tuliamka tu siku moja tukaambiwa tayari tuko kijiji cha ujamaa. Kilichoongezeka ni shamba la pamoja na mikutano.

Kazi ya pamoja yenyewe haikuwa ngeni. Wapare tuna msaragambo tangu enzi za mababu. Pembe inapigwa asubuhi, kila nyumba inatoa mtu, mnakwenda kuchimba mfereji au kutengeneza ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kukusanyia maji ya kumwagilia, linajaa usiku, asubuhi mnayafungulia mashambani. Serikali ilipokuja na habari za kufanya kazi pamoja, wazee wetu walisikiliza kwa heshima wakasema sawa, hiyo tunayo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Ndoa ilikuwa na miaka minne. Mtoto hakuna.

Hakuna aliyenitukana, niseme ukweli. Watu walikuwa wananisalimia tu vizuri huku wakiliangalia tumbo.

Mume wangu alikuwa fundi mashine kwenye shamba la mkonge huko chini, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nilikaa na mama mkwe. Aliitwa Nakiete. Mjane, mwembamba, mtu wa maneno machache. Kwa mila yetu, mtoto wa kike wa kwanza anabeba jina la mama mzaa baba. Kwa hiyo yule mama alikuwa anasubiri jina lake lizaliwe tena, na kazi hiyo nilikuwa nayo mimi. Hakuwahi kunikumbusha. Hakuwa na haja.

Siku moja pembe ikapigwa. Kazi ilikuwa kubeba mawe ya ukuta wa ndiva. Mimi nimeamka na maumivu upande wa kushoto, chini kabisa, siwezi hata kunyooka.

Utaratibu ulikuwa kwamba asiyekwenda anamwambia balozi wa nyumba kumi. Balozi wetu alikuwa mzee Mgonja, mtu mwema sana, mwenye daftari. Sababu alizozikubali zilikuwa mbili, msiba na mimba. Malaria pia, ila ilibidi utetemeke mbele yake.

Sasa niambieni. Mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, mbele ya mzee wa rika la baba mkwe wake, anamwambiaje kwamba anaumwa huko chini? Hayo hayakuwa yanasemwa. Nikainamisha macho, nikaweka mkono tumboni, nikasema leo siwezi, tumbo.

Mzee Mgonja naye alikuwa mtu wa heshima zake. Hakuuliza tumbo gani. Alikohoa, akageukia pembeni, akaandika, akaniambia nikapumzike na nisibebe kitu kizito.

Nikarudi nyumbani nikijisemea kwamba kweli huyu mzee ana huruma.

Saa nne hivi nikasikia vigelegele kutoka kwenye ndiva. Nikadhani ukuta umekamilika.

Kumbe watu walikuwa wameuliza mbona nyumba ya Nakiete haijatoa mtu, na balozi, kama kawaida yake, akasoma daftari kwa sauti. Aliandika mjamzito.

Kabla ya saa sita uani kwetu kumejaa wanawake, wengine na mikungu ya ndizi. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage ya makande. Akanitazama. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema.

Sikusema.

Nina sababu mbili na zote ni za kijinga. Ya kwanza, siku zangu zilikuwa zimekata miezi miwili, nikawaza labda balozi kaona nisichokiona. Ya pili, mama mkwe alicheka. Miaka minne nimekaa na yule mama, nilikuwa sijui kama ana mwanya.

Tumbo nalo likatusaidia. Likaanza kukua.

Basi kila dalili ikapata maelezo yake. Nikiumwa kushoto, mtoto kalalia upande huo. Nikienda chooni kila saa, ni wa kike huyo, ana haraka. Mwezi wa sita hachezi, wakasema ukoo ule ni wapole. Mwezi wa saba hachezi, wakasema huyu atakuwa mpole sana. Damu kidogo niliyokuwa naiona mara moja moja sikumwambia mtu.

Zahanati ilikuwepo, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Sikwenda hata siku moja. Niliwaahidi ukweli, basi huu hapa: nilikuwa naogopa. Si sindano. Nilijua kwamba mtu mwenye ujuzi akinishika tumbo anaweza kunieleza kitu, na nikishakisikia sitaweza tena kurudi kuwa mama mtarajiwa. Bila kupimwa, mtoto ninaye. Na nilikuwa nampenda, wakuu. Nilikuwa naongea naye nikichuma mboga.

Mama mkwe akawa anakwenda msaragambo badala yangu. Mtu wa miaka sitini, anabeba mawe na vijana. Akirudi ananawa, anachukua samli, ananipaka tumbo zima kwa mkono wake. Kila siku. Na kabla hajaanza kupaka anasalimia: "Nakiete, umeshindaje?"

Yaani anajisalimia mwenyewe. Halafu anatulia kidogo, kama vile kajibiwa.

Mume wangu alileta flaneli ya kumfunikia mtoto na beseni jipya la kumwogeshea. Beseni tulilining'iniza ukutani. Wageni waliliangalia.

Mwezi wa tisa ukapita.

Wa kumi ukapita. Mzee Mgonja akaja kumweleza mama, kwa upole kabisa, kwamba daftari lake linaanza kumletea maswali kutoka kwa watu. Mama akamjibu kwamba yeye ahesabu mawe ya ndiva.

Mwezi wa kumi na mmoja nilikuwa nimebaki tumbo tu. Mikono imekonda, mashavu yameingia ndani, maumivu hayatoki. Asubuhi moja nimelala mkekani mlangoni, jua linanipiga miguuni, mama akaja na samli yake. Safari hii hakusalimia. Alipaka kidogo, mkono ukasimama. Akauacha pale muda mrefu. Nilijua anatafuta nini, na nilijua hakipati.

Akafuta mikono kwenye khanga yake.

"Nakiete hayumo," akasema. "Twende."

Nilikataa. Nikamwambia mama, tusubiri wiki moja tu. Akaniambia yeye amekuwa akisubiri tangu mwezi wa saba. Alikuwa amezaa sita. Alijua siku nyingi kwamba tumbo lile halina mtu, na alinyamaza kwa sababu ileile niliyonyamazia mimi. Wanawake wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja anamficha mwenzake habari ambayo wote tunayo.

Nilichukia. Nilimchukia yeye kwa kama dakika tano, halafu maumivu yakanirudia na nikawa sina nafasi ya kuchukia.

Alikwenda mwenyewe kwa mzee Mgonja. Mume wa jirani alikuwepo na alinisimulia baadaye. Mama alisimama mbele ya wanaume watatu, akasema yale yote ambayo mimi nilishindwa kuyasema, bila kuinamisha macho: "Mkwe wangu hana mimba. Anaumwa kizazi. Piga pembe."

Pembe ikapigwa.

Watu wakatoka na majembe wakijua ni kazi ya mfereji. Wakanikuta mimi mlangoni, juu ya kitanda cha kamba. Majembe wakayaegemeza kwenye ukuta wetu, mmoja baada ya mwingine, wakapitisha miti chini ya kitanda, wakanibeba kwa kupokezana mpaka barabara ya magari. Mteremko wote ule, mwendo wa saa tatu. Waliopiga vigelegele siku ile walikuwemo. Mzee Mgonja alitangulia mbele akisogeza mawe ya njiani kwa mguu ili wabebaji wasijikwae. Daftari hakulibeba.

Barabarani mimi na mama tukapata lori la ndizi, na jioni tukawa hospitali ya misheni. Jina silitaji.

Sasa binti wa ule uzi, hapa ndipo ninapokutaka. Ultrasound haikuwepo. Daktari alikuwa na mikono miwili na kile kibomba cha mbao wanachotegea sikio kusikiliza moyo wa mtoto. Alibonyeza, akagonga gonga kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti, halafu akaweka kile kibomba. Akasikiliza chini, akasikiliza juu, kulia, kushoto.

Na mimi, baada ya yote hayo, nilikuwa nimeacha kupumua ili asikie vizuri.

Akaniambia hakuna mtoto. Kuna uvimbe wenye maji uliotokea kwenye ovari, ni mkubwa, na hawezi kujua umeshika wapi na wapi mpaka afungue tumbo. Anaweza kukuta ni upande mmoja. Anaweza kukuta inabidi atoe kizazi chote. Ndiyo ilikuwa kupima kwetu hiyo, unapimwa kwa kisu. Ninyi leo mnaambiwa mnywe maji mnaanzisha uzi.

Mume alikuwa bado hajapata habari. Wakampa mama karatasi ya ruhusa, na daktari akamweleza wazi kwamba huenda mkwe wake asizae kamwe. Mama aliuliza swali moja tu, kama nitakuwa hai. Daktari akasema anadhani hivyo. Mama akaweka dole gumba.

Nilipozinduka, swali langu la kwanza lilikuwa mtoto yuko wapi. Chekeni tu.

Mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Walikuwa wamemwonyesha kile kitu kwenye beseni la hospitali, mimi akawakatalia wasinionyeshe. Akaniambia kilikuwa kizito, ndiyo maana nilikuwa nachoka. Akaniambia upande wa kulia umebaki na kizazi kimebaki. Halafu akaanza kunilisha uji.

Nililia siku nyingi. Nilikuwa namlilia mtu ambaye hakuwahi kuwepo, na msiba wa namna hiyo hakuna anayejua akupeje pole. Watu walikuja wakakaa, wakaongelea mvua. Siwalaumu.

Niliporudi nyumbani beseni lilikuwa limeondolewa ukutani na flaneli imekunjwa chini kabisa ya sanduku. Mama hakusema aliyefanya hivyo.

Mzee Mgonja alikuja na daftari lake. Alikuwa na shida ya kiofisi. Aliyeandikwa mjamzito hana mtoto, na wala hakuharibikiwa mimba, sasa anafungaje ule mstari? Mama akamwambia aandike alikuwa mgonjwa, na tangu leo mwanamke akimwambia tumbo, amuulize tumbo gani, na kama yeye anaona haya amtume mkewe akaulize.

Na ikawa hivyo. Katika nyumba kumi zetu, mwanamke akisema tumbo, mke wa balozi anakuja, anauliza kila kitu, na ikibidi anakusindikiza zahanati. Kuna waliolitumia tumbo hilo kukwepa mawe. Siwataji kwa sababu wengine bado wapo hai na nasikia wana simu.

Mwaka wa tatu baada ya kisu nikashika mimba. Safari hii zahanati nilikwenda mpaka muuguzi akanichoka. Akazaliwa msichana. Mzee Mgonja hakuandika mpaka alipokuja mwenyewe, akaomba flaneli ifunuliwe, akamshika mtoto unyayo. Mtoto akampiga teke. Ndipo akatoa kalamu.

Mama mkwe aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo. Aliona jina lake likienda shule.

Sasa majibu yangu ya mwezi uliopita. Kulia kuna kauvimbe kadogo ka maji, kama punje ya harage. Daktari kasema hakana hatari kwa sasa, ila kwa umri wangu hakapuuzwi, kwa hiyo nimetoa damu ya vipimo na nitarudi baada ya miezi mitatu. Nilimwomba yule msichana anigeuzie skrini nione. Akanigeuzia. Ni kijivu na nyeusi, kama mawingu ya masika. Akanionyesha kauvimbe kwa kidole, akakapima kwa mistari miwili, na kazi ikaisha. Dakika kumi na tano, wakuu, na bila kufungua mtu. Nikalala pale nikiangalia na machozi yakanitoka mpaka masikioni, akadhani kibofu kinaniuma.

Binti, nilichojifunza ni hiki. Hukuniambia unaogopa nini, lakini nadhani si hicho kidude. Unaogopa jibu. Mimi nililikwepa jibu miezi kumi na mmoja, na lenyewe lilikuwa linakua tu. Nenda kapime. Na ukimweleza mtu unaumwa, mtajie mahali kwa jina lake, usishike tumbo ukainamisha macho.

Wakuu, karibuni mseme mliyoyapitia, hasa akina mama, na akina baba ambao wake zao wamekuwa wakisema tumbo muda mrefu. Mwenye mlonge abaki na mlonge wake. Uliyeomba namba ya simu, nimekuona.

Nimekumbuka kuna mahali nimeruka. Nilisema binti yangu aligundua kwamba naumwa, sikusema nilimjibu nini.

Alikuwa jikoni anaosha vyombo, akaniona nimeshika meza. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia si kitu, tusubiri wiki moja tu. Nakiete wangu sasa ana miaka arobaini na kitu, mwembamba, mtu wa maneno machache. Alinitazama. Akafuta mikono kwenye khanga yake.

"Mama," akasema, "twende."